Barua zikijaa mu seva, usifute zote: funga mulango kwanza

Wengi wetu tunatuma dosiye za kazi kupitia adrese ya chuo ao ya shirika. Siku moja mwizi anapata neno la siri la mutu mumoja, na barua za uongo kwa maelfu zinaanza kutoka. Mwenye kuchunga seva anaogopa, anafuta mulolongo wote. CV yako nayo ilikuwa inangoja mule. Hakuna mutu atakuambia.

Mimi ni mutu wa kilimo, njo maana ninaona hii kama mufereji wa maji. Unaweza kufunga maji yasitoke, bila kumwaga yale iko ndani.

Tukamate mufano wa Postfix, programu ya bure inayotumika sana kwa mashine za Linux. Kila barua inayongoja inaandikwa mu diski, chini ya /var/spool/postfix. Hata umeme ukikatika, iko pale.

Fanya hivi:

1. Angalia kwanza: postqueue -p. Utaona namba ya kila barua, mwenye kutuma na sababu ya kukwama.

2. Funga kutoka tu: postconf -e 'defer_transports = smtp', kisha postfix reload. Seva inaendelea kupokea, lakini haitumi inje.

3. Badilisha neno la siri lililoibiwa. Bila hiyo, kazi yote ni bure.

4. Futa za uongo kwa namba yake: postsuper -d na namba. Usiandike ALL pale. ALL ni zote, na yako pia.

5. Fungua: postconf -e 'defer_transports =', tena postfix reload, halafu postqueue -f mara moja tu. Ukirudilia kila dakika, unachelewesha kazi yenyewe.

Kuna njia ingine: postsuper -h ALL inashika barua zilizoko kwa ile saa. Lakini angalisho: zinazoingia nyuma yake zinapita tu. Na postqueue -f haigusi zilizoshikwa. Zinafunguliwa na postsuper -H ALL.

Na postfix stop? Ile inazima kila kitu, kutuma na kupokea. Si mwisho wa dunia: seva za wengine zitajaribu tena, mara nyingi kwa siku kadhaa. Ukiwasha na postfix start, zitaingia.

Sasa jambo la saa. Kama haukubadilisha kitu, Postfix inangojea siku 5, kisha inarudisha barua kwa mwenyewe. Barua iliyoshikwa haizeeki kwa hukumu hiyo, lakini ukiifungua kisha siku nyingi, inaweza kurudishwa palepale. Kama ilikaa sana, tumia postsuper -r ALL: inaingia upya mu mulolongo.

Kwa sisi tunaotafuta kazi, siku 5 ni nyingi kuliko tarehe ya mwisho. Seva ikisumbua, uliza mwenye kuichunga: «Umefunga, ao umefuta?» Akisema amefuta, tuma dosiye tena leo.