Mpigaji wa pande mbili (besiboli)

Mpigaji wa pande mbili ni mchezaji wa besiboli anayeweza kupiga mpira akisimama upande wa kulia au wa kushoto, kulingana na mkono anaoutumia mrushaji. Wachezaji wa aina hii wapo tangu karne ya 19. Katika ligi kuu za Marekani walikuwa wachache hadi miaka ya 1950, wakaongezeka sana hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha wakaanza kupungua.

Faida yake

Mrushaji husimama umbali wa mita 18.4 hivi, na mpira wa kasi humfikia mpigaji chini ya nusu sekunde. Mrushaji wa kulia akimrushia mpigaji wa kulia mpira wa kupinda, mpira huonekana kumjia mwilini kisha huhepa nje, mbali na gongo lake. Mpigaji aliyesimama upande wa pili huuona vizuri zaidi tangu unapotoka mkononi, na ukipinda humkaribia. Ndiyo maana wapigaji wengi hufanya vizuri zaidi dhidi ya mrushaji wa mkono wa kinyume. Anayepiga pande zote mbili huwa na nafuu hiyo kila mara, na kocha pinzani hawezi kumvuruga kwa kubadilisha mrushaji.

Tena upande wa kushoto uko karibu na besi ya kwanza kwa hatua moja au mbili, jambo kubwa kwa mchezaji mwenye mbio.

Historia

Anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza ni Bob Ferguson. Tarehe 14 Juni 1870, timu yake ya Brooklyn Atlantics ilipocheza na Cincinnati Red Stockings, Ferguson alihamia upande wa kushoto ili mpira usielekee kwa George Wright, mlinzi hodari wa timu pinzani. Shida yake, basi, haikuwa mrushaji hata kidogo. Atlantics walishinda 8–7 na kukatisha mfululizo mrefu wa ushindi wa Red Stockings.

Aliyebadili mtazamo wa watu ni Mickey Mantle wa New York Yankees (1951–1968). Utotoni alifundishwa na baba yake aliyemrushia kwa mkono wa kulia na babu yake aliyetumia wa kushoto. Alipiga homurani 536, yaani mipigo inayovusha mpira nje ya uzio, na hakuna mpigaji wa pande mbili aliyezifikia.

Mwaka 1962 Maury Wills wa Los Angeles Dodgers, aliyejifunza kupiga upande wa kushoto akiwa tayari mtu mzima katika ligi ndogo, aliiba besi 104. Mwaka 1965 walinzi wote wanne wa ndani wa Dodgers walikuwa wapigaji wa pande mbili. Baadaye viwanja vingi viliwekwa nyasi bandia, ambapo mpira hudunda na kuteleza kwa kasi, na timu zikatafuta wakimbiaji. St. Louis Cardinals ya 1985 ilikuwa na watano kwa pamoja: Vince Coleman, Willie McGee, Tommy Herr, Terry Pendleton na Ozzie Smith.

Kupungua

Mbinu hii ina gharama. Mchezaji hulea mipigo miwili kwa muda uleule ambao mwenzake hulea mmoja. Kwa kuwa warushaji wengi hutumia mkono wa kulia, upande wake wa kulia hupata nafasi chache mechini na mara nyingi hudhoofika. Siku hizi takwimu huonyesha wazi upande ulio dhaifu. Cedric Mullins wa Baltimore Orioles aliacha kupiga upande wa kulia kabla ya msimu wa 2021, na mwaka huohuo akapiga homurani 30 na kuiba besi 30.

Hata hivyo, mwaka 2025 Cal Raleigh wa Seattle Mariners alipiga homurani 60, akivunja rekodi ya wapigaji wa pande mbili ya Mantle ya 54 tangu 1961. José Ramírez wa Jamhuri ya Dominika na Francisco Lindor wa Puerto Rico nao wameendeleza mbinu hiyo.

Kanuni

Mwaka 2008 Pat Venditte, mrushaji anayetumia mikono yote miwili, alikutana na mpigaji wa pande mbili katika ligi ndogo, na kila mmoja akawa anabadili upande kumkwepa mwenzake. Tangu hapo mrushaji wa namna hiyo hutakiwa kuonyesha kwanza mkono atakaoutumia, ndipo mpigaji achague upande wake.