Mawaidha ya Intaneti Kwenye Deki ya Nyumbani

Wazazi wa Nyakanazi hutuuliza: kwa nini video ya mawaidha iliyopakuliwa intaneti, ikinakiliwa kwenye diski, hukataa kucheza kwenye deki? Ni kwa sababu deki nyingi hazisomi faili la MP4. Husoma DVD yenye MPEG-2, au VCD yenye MPEG-1.

Basi kwanza tugeuze faili. Kwa DVD, programu ya bure DVDStyler yatosha. Tuchague mfumo wa PAL, ndio wa televisheni zetu za zamani. Kisha tuchome diski polepole. VCD hubeba dakika 74 hadi 80. DVD ya GB 4.7 takriban saa 2.

Tusinakili kazi ya mtu bila idhini yake. Bibi asiye na simu naye apate darsa, lakini kwa njia ya halali. Wabillahi tawfiq.