Dhamana haiuzwi: Anachosaini mdhamini Handeni na Korogwe

Mtu akikamatwa Mkata, Kabuku au Mombo, swali la kwanza la ndugu huwa moja: dhamana shilingi ngapi? Swali hilo ndilo linalowaponza wengi, maana dhamana haiuzwi, iwe polisi au mahakamani.

Msingi wake ni Katiba, ibara ya 13(6)(b): mshtakiwa hatendewi kama mkosaji mpaka kosa lithibitike.

Polisi

Aliyekamatwa bila hati, kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, anapaswa kuachiwa kwa dhamana, isipokuwa kosa lake linaonekana kubwa.

Mahakamani

Hakimu hutaja masharti. Mfano: wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua ya mtendaji, kila mmoja asaini bondi ya Sh1 milioni.

Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Milioni hiyo hailipwi siku ile. Ni ahadi kwamba mshtakiwa asipotokea, mdhamini ndiye atakayedaiwa. Fedha taslimu au hati ya mali huwekwa kwenye kesi zinazohusu mali ya thamani kubwa.

Akiruka dhamana

Mdhamini huitwa kujieleza. Asiporidhisha na asipolipa, ng'ombe au pikipiki yake inaweza kukamatwa na kuuzwa.

Akiona dalili mbaya mapema, anaruhusiwa kuomba mahakama imtoe kwenye udhamini. Mshtakiwa atakamatwa, atafute mdhamini mwingine au aende mahabusu.

Yasiyo na dhamana

Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha ni baadhi yake. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema katazo hilo linakiuka Katiba, lakini Agosti 5 mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwa hiyo anayeshtakiwa kwa mauaji Korogwe hukaa mahabusu hadi kesi iishe, hata kama mwishowe ataonekana hana hatia.

Masharti yakiwa mazito

Kwa kosa lenye dhamana, ndugu hawajafika mwisho. Mshtakiwa anaweza kuomba Mahakama Kuu, iliyo Tanga mjini, iyapunguze.

Na anayenong'ona kwamba anataka "hela ya dhamana" aweke mfukoni, huyo anaomba rushwa. TAKUKURU hupokea taarifa bure kwa simu namba 113.