Kuzalisha Mbwa Nyumbani na Amri ya Sheria

Mtu wa Uriri akizalisha mbwa nyumbani ili auze watoto wao, kisha akajiwa na askari, huenda akajibu kuwa mbwa ni mali yake. Ni kweli, ni mali yake. Wala Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama ya mwaka 1962, yaani Sura ya 360, haimkatazi kuzalisha. Inalokataza ni mateso: kumpiga mnyama bila huruma, kumnyima chakula na maji, au kumfungia mahali pa kumdhuru. Jike anayezalishwa uzao juu ya uzao huku amekonda kwa njaa ni shauri la mahakama. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Na faini hiyo siku hizi haifikii hata bei ya mtoto mmoja wa mbwa wa asili ya Ujerumani.

Ubishi mwingine hutokana na leseni. Katiba ya mwaka 2010 iliwapa Serikali za Kaunti kazi ya kutoa leseni za mbwa, lakini polisi ni wa Serikali Kuu. Basi mwenye karatasi ya Kaunti ya Migori asidhani kuwa amekingwa: ni ruhusa ya kufuga tu. Naye askari hahukumu. Kosa huthibitishwa mbele ya hakimu, kwa ushahidi.