ZAMBIA: MAYAI YA KUGHUSHI KATIKA NYASI ZA CHOMA

Mlinzi aliyesimama langoni usiku hukabiliwa na makosa mawili, wala si moja. La kwanza ni kumpitisha adui aliyevaa sare ya rafiki. La pili ni kumpiga risasi rafiki kwa kumdhania adui. Na kila hatua anayochukua kuliepuka lile la kwanza humsogeza karibu na la pili. Katika nchi jirani ya Zambia, wataalamu wa viumbe wamekuwa kwa miaka mingi wakichunguza jinsi tatizo hilo hilo linavyomkabili ndege mdogo mwenye uzito wa gramu 10 hivi, asiye na silaha ila macho yake na mdomo wake.

Ndege huyo huitwa prinia. Ana mkia mrefu na rangi ya udongo, na hujenga kiota chake katika nyasi na vichaka vifupi. Yupo Tanzania pia, na bila shaka askari wengi wamempita katika doria pasipo kumjali. Adui yake ni ndege wa jamii ya fumbwe, anayestahili kuitwa mdoezi, kwa maana hajengi kiota, haatamii yai wala halishi kinda. Jike la mdoezi hunyemelea kiota cha prinia, aghalabu akatoa yai la mwenyewe, akataga lake na kwenda zake. Yai hilo huanguliwa mapema, kinda lake hukua upesi, na makinda wa prinia kwa kawaida hufa kwa njaa hali wazazi wao wakihangaika kumshibisha mgeni.

Uchunguzi huu umefanyika Choma, katika Jimbo la Kusini, kando ya reli itokayo Lusaka kwenda Livingstone, na mwanzo wake una mkono wa mwanajeshi. Meja John Colebrook-Robjent, aliyekuwa afisa wa jeshi la Uingereza, alihamia huko akawa mkulima, na kwa miongo kadhaa alikusanya mayai ya ndege na kuandika kila yai lilipatikana wapi na lini. Wengi wangeiona kazi hiyo kuwa mchezo wa mtu mwenye nafasi. Lakini alipofariki mwaka 2008 aliacha nyuma yake jalada ambalo hakuna mtaalamu angeweza kulitengeneza upya.

Dokta Claire Spottiswoode, mtaalamu wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Choma pamoja na wenyeji hodari wa kutafuta viota, alianzia hapo. Alichokiona ni kwamba yai la prinia ni kama sahihi ya mkono. Jike mmoja hutaga mayai ya namna moja maisha yake yote: ama meupe, ama ya buluu, ama mekundu-mekundu, ama ya kijani cha zeituni, yenye madoa na michirizi yake mahsusi. Jirani yake kichaka cha pili hutaga ya namna nyingine kabisa. Mdoezi naye hawezi kubadili rangi ya yai lake. Akiwa wa buluu ni wa buluu, na akiingia katika kiota cha mayai mekundu hutambuliwa mara moja, yai lake likatupwa nje.

Ili kujua prinia hutazama nini hasa, Spottiswoode na mwenzake Martin Stevens waliyahamisha mayai ya prinia kutoka kiota kimoja hadi kingine, kisha wakangoja kuona lipi litakataliwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba prinia hategemei dalili moja. Hupima rangi, ukubwa wa madoa na jinsi yalivyotawanyika, kama vile mpelelezi asivyotosheka na mstari mmoja wa alama ya kidole. Mayai ya Meja nayo yalitoa ushahidi wake: katika muda wa miaka 40, sura ya mayai ya prinia na ya mdoezi ilikuwa imebadilika. Serikali hubadili noti zake wahalifu wanapojua kuzighushi. Katika nyasi za Choma noti hubadilika bila ya amri ya mtu yeyote.

Mdoezi hakukaa kimya. Mara nyingi hutaga zaidi ya yai moja katika kiota kile kile, na utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mayai ya kigeni yakizidi, prinia huchanganyikiwa na hukataa machache. Hapo ndipo lile kosa la pili linapomtisha, kwani akitupa ovyo hutupa mayai yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, jike la mdoezi amefanana mno na jike la kweche mwekundu, ndege mla mbegu asiyemdhuru mtu. Mwaka 2015 ilibainika kwamba prinia huwashambulia wote wawili sawasawa. Hana njia ya kuwatenga, basi kweche huadhibiwa kwa sare asiyoichagua.

Jamii hiyo ya fumbwe ina wadoezi wengine, ambao hughushi wimbo. Katika miaka ya 1970, Robert Payne wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alichunguza fumbwe weusi huko Lochinvar, katika bonde la Kafue. Dume huimba juu ya mti wake kumwita jike, na ndani ya nyimbo zake huiga wimbo wa mshigi, ndege aliyemlea. Jike aliyelelewa na mshigi huvutwa na wimbo huo kama neno la siri, kisha huenda kutaga katika viota vya mshigi. Madume wachache hupata sehemu kubwa ya majike. Waliobaki huimba bure. Payne alipolelesha fumbwe kwa ndege wa aina nyingine katika vizimba, madume walijifunza wimbo wa walezi wao wapya na majike wakaufuata.

Wimbo, basi, huweza kubadilika katika kizazi kimoja kwa kuwa hufundishwa. Yai la mdoezi wa Choma si hivyo. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulithibitisha kwamba binti hurithi sura ya yai kwa mama peke yake. Hupokea ufundi wa kughushi ukiwa mzima, bila ya kuchanganywa na damu ya baba. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hawezi kuunganisha ufundi wa koo mbili na kupata rangi mpya. Na huko Choma wako prinia wanaotaga mayai ya kijani cha zeituni, rangi ambayo mdoezi hajaweza kuighushi. Kwa prinia hao ulinzi ni kazi nyepesi: yai la mgeni huonekana tangu mbali, nao hulitoa kabla halijaanguliwa.