Maji ya tangi la samaki

Maji ya tangi la samaki ni maji yanayotumika kufugia samaki wa mapambo ndani ya chombo cha kioo nyumbani, shuleni au ofisini. Chombo hicho huitwa pia akwaria. Makala hii inahusu matangi madogo ya maji matamu, yaani yasiyo ya chumvi, yenye ujazo wa lita 20 hadi 100 hivi. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 huchukua lita 54 likijaa.

Samaki wapya wakifa, mara nyingi lawama humwendea muuzaji au chakula, kumbe kosa liko katika maji. Maji yanayomfaa binadamu kunywa si lazima yamfae samaki, kwa kuwa samaki hupitisha maji hayo katika matamvua yake usiku na mchana.

Vyanzo vya maji

Maji ya bomba ndiyo rahisi kupatikana mijini. Tatizo lake kubwa ni klorini, ambayo mamlaka za maji huitia ili kuua vijidudu. Klorini huunguza matamvua ya samaki, tena huua bakteria wenye faida watakaoelezwa hapa chini. Dawa yake ni kuyaacha maji katika ndoo pana iliyo wazi kwa saa 24 au zaidi. Klorini hutoka hewani, na hutoka haraka zaidi maji yakikorogwa au yakipuliziwa hewa kwa pampu. Kuchemsha pia huondoa klorini, lakini huondoa na oksijeni, kwa hiyo maji yaliyochemshwa yapoe kisha yapuliziwe hewa kabla ya kutumika. Baadhi ya miji ya Marekani na Uingereza hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kuachwa wazi. Huko hutumika dawa maalumu za dukani. Dawa nyingi za aina hiyo zina thiosulfati ya natiri (sodiamu). Maji yaliyotiwa vidonge vya kusafishia maji ya kunywa yasitumike kabisa.

Maji ya kisima hayana klorini kwa kawaida, lakini hutofautiana sana. Visima vilivyo karibu na bahari huweza kuwa na chumvi. Maji ya chini ya ardhi kuzunguka Mlima Meru yana magadi na floridi nyingi. Yanayotoka kisima kirefu huwa na oksijeni kidogo na dioksidi kabonia nyingi, hivyo nayo yapewe siku moja ya kupigwa hewa.

Maji ya mvua ni laini na karibu hayana madini. Huonekana safi kuliko yote, ila pH yake huyumba upesi kwa sababu hakuna madini ya kuizuia. Yakiwa yamepita juu ya mabati huweza kubeba zinki, ambayo ni sumu kwa samaki. Ni vema kuacha mvua ioshe paa kwanza, kisha kuchanganya maji hayo na ya bomba au ya kisima.

Maji ya mto au bwawa huleta vimelea na mabuu ya kerengende wanaokula samaki wadogo. Maji ya matope yaliyotulizwa kwa shabu nayo si mazuri, kwani shabu hushusha pH. Maji ya chupa ni gharama isiyo na sababu.

Ugumu na pH

Maji magumu ni yale yenye kalisi na magnesi nyingi. Kila mwanafunzi wa kemia anajua kipimo chake cha nyumbani: sabuni haitoi povu kwa urahisi, na sufuria ya kuchemshia hufanya ukoko mweupe. Kwa pH, karatasi za rangi zinazopatikana katika maabara nyingi za shule zinatosha kuanzia, kwani litimasi hueleza tu kama ni asidi au besi.

Samaki huchaguliwa kufuata maji yaliyopo. Hii ni njia bora kuliko kupambana na maji kila wiki kwa dawa. Gapi (Poecilia reticulata) hupenda maji magumu kiasi, na samaki-dhahabu (Carassius auratus) huvumilia maji ya namna nyingi. Neoni tetra wa mto Amazon huzoea maji laini yenye asidi kidogo. Sikilidi wa Ziwa Tanganyika, wanaovuliwa Kigoma na kuuzwa nje kwa ajili ya mapambo, wanatoka katika maji magumu yenye pH ya karibu 9. Kuwaweka neoni na sikilidi hao katika tangi moja ni kumtesa mmoja wao.

Amonia

Hata maji yaliyochaguliwa vizuri huharibiwa na samaki wenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichooza huongeza nyingine. Bakteria fulani hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huishi juu ya changarawe na ndani ya kichujio, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Anayejaza tangi asubuhi na kuweka samaki kumi jioni anawaweka kwenye choo kisicho na shimo.

Ukali wa amonia hutegemea pH. Katika nyuzi 25 za sentigredi, sehemu iliyo sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote kwenye pH 7. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, na kwenye pH 9 hupita asilimia 35. Kwa hiyo mwenye maji ya magadi aweke samaki wachache na kuwalisha kidogo. Jambo la ajabu ni kwamba Alcolapia grahami wa Ziwa Magadi nchini Kenya huishi kwenye pH ya karibu 10. Badala ya amonia yeye hutoa urea.

Joto na kubadilisha maji

Samaki wengi wa kitropiki hupenda nyuzi 24 hadi 28. Dar es Salaam na Mombasa hakuna haja ya kipasha joto, bali Mbeya au Nairobi usiku wa Julai kinahitajika. Maji yakizidi kupata joto oksijeni hupungua: kutoka miligramu 9 hivi kwa lita kwenye nyuzi 20 hadi kama 7.5 kwenye nyuzi 30. Samaki wanaopumulia juu ya maji kwa pamoja wanaonyesha upungufu huo, au matamvua yaliyodhurika.

Kila wiki robo ya maji, au chini ya hapo, hutolewa na kubadilishwa kwa maji yaliyokwisha kukaa, yenye joto linalolingana. Maji yote yasimwagwe kwa mara moja. Kichujio kisuuzwe katika maji yaliyotolewa tangini, kwa sababu maji ya bomba yenye klorini yataua bakteria waliochukua mwezi mzima kukua. Ndoo ya kazi hii isiwe ile ya kufulia.