Mayai Yasiyoanguliwa Siku Moja

Mwaka 1958, katika msitu wa Abernethy kaskazini mwa Scotland, mtu alipanda msonobari usiku, akaiba mayai kwenye kiota kilichokuwa na walinzi, na mahali pake akaacha mengine. Yale aliyoyaacha yalikuwa mayai ya kuku, yamepakwa rangi ya viatu ya kahawia ili yafanane na ya mwenye kiota.

Wizi wa namna hiyo haukuwa wa njaa. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na wakusanyaji waliohifadhi mayai ya ndege adimu kwenye droo za kabati, kama wengine wanavyohifadhi stempu, na yai la furukombe, mwenye kiota kile, lilikuwa miongoni mwa yaliyotamaniwa sana. Ni yai zuri kweli: jeupe la krimu, limetapakaa madoa ya hudhurungi iliyokolea kama damu iliyokauka, kila moja kwa mpangilio wake. Lina urefu wa sentimita 6 hivi na uzito wa gramu 70, yaani sawa na yai kubwa la kuku. Ndiyo maana hila ya rangi ya viatu iliwezekana.

Tamaa hiyo, pamoja na bunduki za wenye mashamba na mabwawa ya samaki, ilikuwa imemmaliza ndege huyu Scotland. Kiota cha mwisho kujulikana ni cha mwaka 1916. Jozi iliyorudi kando ya ziwa Loch Garten katika miaka ya 1950 ilikuwa tunu, na siri yake ilifichwa kwa miaka kadhaa bila mafanikio. Baada ya wizi ule, George Waterston wa chama cha kulinda ndege cha RSPB aliamua kugeuza mambo. Mwaka 1959 alitangaza hadharani kiota kiko wapi, akazungushia mti seng'enge, akaweka darubini na kuwakaribisha watu waje kutazama. Walifika wapatao 14,000 msimu huo wa kwanza, na makinda watatu waliruka salama. Macho ya umma yalikuwa ulinzi bora kuliko siri.

Tangu hapo kumfuatilia furukombe kiotani kumekuwa kazi ya watu wengi, kwanza kwa daftari na penseli, baadaye kwa kamera zinazorusha picha usiku na mchana. Kwa hiyo ni ndege wachache wa mwituni ambao safari yao kutoka yai hadi kinda inajulikana saa kwa saa kama huyu.

Msomaji wa Kisumu au Mwanza asimchanganye na kwazi. Kwazi ana kichwa na kifua cheupe, tumbo la kahawia nyekundu, sauti inayosikika ziwa zima, na hahami. Furukombe, Pandion haliaetus kwa jina la kisayansi, ana tumbo jeupe, mgongo wa kahawia na mstari mweusi unaokatiza jichoni. Kwetu huja kama mgeni, kipupwe cha kaskazini kinapomfukuza huko alikozaliwa. Wale wa Uingereza huishia zaidi Senegal, Gambia na Guinea-Bissau. Wa Finland na Urusi ndio baadhi yao hufika Afrika ya Mashariki. Mwanzoni mwa 2022 mmoja aliokolewa kaunti ya Siaya, karibu na Ziwa Victoria, akiwa na pete ya makumbusho ya Helsinki mguuni.

Chakula chake ni samaki, na karibu hana kingine. Hujitupa majini miguu ikitangulia, kidole cha nje kikigeukia nyuma ili vidole viwili vishike mbele na viwili nyuma, na nyayo zake zina vijiba vikali vinavyomzuia samaki kuteleza. Hili la samaki likumbukwe, kwa sababu kila kitakachotokea kiotani kinaning'inia hapo.

Dume na jike hawasafiri pamoja. Kila mmoja hukaa kipupwe mahali pake, pengine mamia ya kilomita mbali na mwenzake, na kinachowakutanisha tena mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili ni kiota. Wanakirudia kilekile, wanaongeza vijiti, na baada ya miaka kinakuwa rundo ambalo mtu mzima anaweza kukaa ndani yake. Wakishaanza kupandana, jike huacha kuvua. Kuanzia hapo hadi makinda wakue, samaki wote wa nyumba ni jukumu la dume. Humletea mkewe samaki asiye na kichwa, maana kichwa amekwisha kukila mwenyewe njiani. Desturi ambayo ingevunja ndoa nyingi za pwani yetu.

Yai la kwanza hutagwa wiki mbili au tatu hivi baada ya jozi kukutana. La pili hufuata baada ya siku mbili au tatu, kisha la tatu. Manne hutokea, lakini mara chache. Na hapa ndipo furukombe anapotofautiana na kuku wa nyumbani. Kuku hutaga mpaka amalize, ndipo aatamie, hivyo vifaranga wake hutoka pamoja. Furukombe huanza kulala juu ya yai la kwanza siku ileile, au karibu na hapo. Joto likishaingia, kiinitete huanza kukua. Kwa hiyo mayai matatu ya kiota kimoja ni watoto wa umri tofauti hata kabla hawajaonekana.

Kuatamia huchukua siku 37 hivi kwa kila yai. Jike ana sehemu tumboni isiyo na manyoya, yenye mishipa mingi ya damu, ambayo huibana juu ya mayai. Usiku ni wake, na sehemu kubwa ya mchana pia. Dume akileta samaki, jike hutoka naye kwenda kula kwenye tawi la jirani, na dume hukalia mayai zamu yake. Wote wawili wanapotembea kiotani hukunja vidole ngumi, kwa kuwa kucha zinazoweza kumpasua samaki zinaweza kulipasua ganda. Mara kwa mara huyageuza mayai kwa mdomo, joto lienee.

Aprili ya Scotland haina huruma. Kamera zimewahi kuonyesha jike aliyefunikwa theluji mgongoni, hatikisiki, mayai yakiwa makavu chini yake. Ukishuka hadi visiwa vya Bahari ya Shamu na pwani ya Oman, tatizo ni kinyume kabisa. Huko furukombe hawahami, hawana miti ya kujengea, kwa hiyo hurundika vijiti, mwani na takataka za baharini juu ya mawe au ardhini, na hutaga katika miezi ya baridi ili kuukwepa msimu wa joto kali. Hata hivyo jua la mchana linaweza kulipika yai, na kazi ya mama huwa kusimama na kulitilia kivuli.

Si kila yai linaloatamiwa lina uhai. Mwaka 2021, katika bandari ya Poole kusini mwa England, jike mwenye pete CJ7 alitaga ilhali dume aliyetarajiwa hakurudi. Mayai hayo yasiyorutubishwa yasingeweza kuzaa kitu. Mwaka uliofuata alipata dume, akaatamia tena, na makinda wawili wakatoka: wa kwanza kuanguliwa kusini mwa England kwa takriban miaka 180. Mmoja wao alichukuliwa na kipanga wa msituni kabla hajajua maisha vizuri. Mwenzake aliruka.

Lakini simulizi kubwa zaidi ya mayai yaliyokataa kuanguliwa ni ya Marekani. Mchoraji na mtaalamu wa ndege Roger Tory Peterson alipohamia Old Lyme, kwenye mlango wa Mto Connecticut, mwaka 1954, eneo hilo lilikuwa na viota vipatavyo 150. Miaka haikupita mingi kabla hajaona majike wakiatamia wiki baada ya wiki, siku 37 zikipita, 40 zikipita, na hakuna kinachotoka. Mengine yalivunjika chini ya uzito wa mama mwenyewe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 viota vilivyobaki vilihesabika kwa vidole.

Wapo waliodhani samaki wamepungua, na wapo waliodhani ndege wanasumbuliwa na watu. Kijana mmoja mtafiti, Paul Spitzer, alikuja na jaribio rahisi ambalo hadi leo ni la kuigwa. Kuanzia 1968 alichukua mayai kutoka ghuba ya Chesapeake, jimbo la Maryland, ambako furukombe walikuwa na afadhali, akayaweka chini ya majike wa Connecticut. Na ya Connecticut akayapeleka Maryland. Mayai ya Maryland yalianguliwa vizuri mikononi mwa mama wa kambo. Ya Connecticut mengi hayakuanguliwa hata yalipopata malezi mengine. Basi kosa halikuwa la mama wala la mazingira ya kiota. Lilikuwa ndani ya yai.

Sumu ilikuwa DDT, dawa ya wadudu iliyonyunyiziwa mashambani na kwenye madimbwi ya mbu. Ilitiririka hadi majini, ikaingia kwa viumbe wadogo, kutoka kwao kwa samaki, na kutoka kwa samaki kwa furukombe, ikizidi kujilimbikiza kila hatua. Mabaki yake mwilini mwa jike huzuia kalisi kufika kwenye ganda, likawa jembamba. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya jumla ya DDT mwaka 1972, na mayai yaliyoazimwa kutoka Maryland yalisaidia kuufunika ule muda mpaka maji yakaanza kusafika.

Yai lenye afya hujitangaza kabla ya kufunguka. Siku moja au mbili kabla, kinda husikika akilia ndani. Kisha ufa mdogo huonekana: kinda anagonga ganda kwa kijino kigumu kilicho juu ya mdomo, kijino ambacho baadaye humtoka. Kazi hiyo yaweza kuchukua siku nzima. Anayetoka ana uzito wa gramu 50 hivi, amefunikwa manyoya mafupi ya rangi ya mchanga, macho yamefunguka, na kichwa hakimtii. Hukiinua kuomba chakula na kukiangusha palepale. Mama humnyofolea vipande vya samaki vidogo mno, akamwekea mdomoni kwa uangalifu ambao hautarajiwi kwa ndege mwenye mdomo wa ndoana.

Wa pili huanguliwa siku moja au mbili baadaye, na wa tatu tena hivyo. Tofauti hiyo ni ndogo kwa kalenda, lakini kwa kiumbe anayeongeza uzito kila saa ni kubwa. Wa kwanza ana shingo imara wakati wa tatu bado hawezi kusimamisha kichwa. Samaki akifika, mkubwa hula kwanza, na akiwa na njaa humdonoa mdogo mpaka ainame. Alan Poole, aliyewachunguza furukombe katika Florida Bay, aliona kwamba vurugu hii huongezeka chakula kinapoadimika. Chakula kikiwa tele, hata kitinda mimba hushiba.

Wanabayolojia wengi wanaona hapa ndipo ilipo faida ya kuatamia mapema. Jike hutaga bila kujua msimu utakuwaje. Samaki wakijaa, atalea watatu. Wakikosekana, kuanguliwa kwa zamu huhakikisha njaa inamwondoa mmoja badala ya kuwadhoofisha wote. Ni hesabu katili, na watazamaji wa kamera huilalamikia kila mwaka, lakini kwa ndege anayeishi miaka mingi haina kasoro. Jike mmoja mzee wa Loch of the Lowes, karibu na mji wa Dunkeld huko Scotland, ambaye mashabiki walimwita Lady, alitaga mayai 71 maishani, na makinda 50 wakaruka.

Mvua nayo hutoa hukumu yake. Juni 2012, kwenye kiota cha Dyfi nchini Wales, dhoruba ilizuia uvuvi wakati makinda watatu walikuwa wangali wadogo. Wawili walikufa. Wasimamizi, ambao kanuni yao ya kawaida ni kutoingilia, walipanda wakampa wa tatu samaki kwa mkono. Aliitwa Ceulan, akapona, akaruka, akafika Senegal, na huko akafa kwenye wavu wa wavuvi mwaka uleule.

Ghuba ya Chesapeake, iliyowaazima jirani zake mayai, leo ina furukombe wengi kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Inakadiriwa kuwa na jozi zaidi ya 10,000. Lakini upande wake wa kusini umeingia mashakani. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha William & Mary wakiongozwa na Bryan Watts walifuatilia viota zaidi ya 160 katika ghuba ndogo ya Mobjack, na makinda waliofikia kuruka hawakutimia 20. Ili idadi isishuke, kila jozi inahitaji wastani wa kinda 1.15. Maganda safari hii hayana tatizo: mayai yanaanguliwa, kisha makinda wanakufa kiotani, wadogo wakitangulia.

Watts anaunyooshea kidole upungufu wa menhadeni, samaki wa jamii ya dagaa ambaye meli kubwa humvua kwa nyavu ili asagwe kuwa unga na mafuta. Wenye meli wanakataa, wakisema hali ya hewa na mambo mengine hayajachunguzwa vya kutosha, na shauri hilo lingali mbele ya wasimamizi wa uvuvi wa pwani ya Atlantiki. Wakati huohuo, huko juu mitoni, ambako chumvi ni kidogo na furukombe hula kambare na samaki wengine wa maji baridi, jozi zinaendelea kulea makinda wa kutosha.